Mikono ya Gauni la Mama Meja

Jumamosi asubuhi, wakati mikono ya gauni la Mama Meja inatafutwa na haionekani, Sajenti Kagua alikuwa kakaa mezani, miguu kainyoosha, anajisifu.

"Kagua" hakupewa na wazazi wake. Kapewa na majirani wa nyumba za kambini, waliomwona kila asubuhi akihakikisha jiko limezimwa, kisha anamwita mkewe naye aje atazame, kwa sababu, anavyosema yeye, macho ya mtu mmoja si macho. Hamimini chai bila kukichungulia kikombe. Hapandi kitandani bila kuinua godoro. Mkewe alilalamika mwaka wa kwanza wa ndoa, mwaka wa pili akazoea, sasa na yeye akitoka bafuni anajikuta ameuvuta mlango mara mbili.

Ugonjwa huo aliutoa ghalani. Sajenti ni fundi wa silaha, na rashasha zote za kikosi zinapita mikononi mwake. Ikiletwa moja, kwanza mtutu uelekezwe kwenye pipa la mchanga. Mkanda wa risasi utoke. Kifuniko kiinuliwe. Yeye achungulie chemba, pale inapokaa risasi, atie kidole, aseme "tupu". Koplo wake naye achungulie, atie kidole, aseme "tupu". Kidole cha Koplo ni kinene kama muhogo na kinasumbuka kuingia, lakini hakuna atakayeshika bisibisi mpaka kimeingia.

"Jana," Sajenti alikuwa anawaambia mama mkwe wake na dada yake, "mitutu imetakata kuliko siku zote tangu nishike ghala lile. Unachungulia huku, unaona mwanga kule kama umewasha taa. Koplo kaniuliza, Afande, umeweka nini leo? Nikamwambia kitambaa. Kitambaa ndiyo siri. Kile cha jana kilikuwa laini, kinapita mle ndani kinabeba masizi yote, kinatoka..."

"Nani kaiona mikono ya lile gauni?" Mkewe aliuliza kutoka chumba cha mbele, kwenye cherehani.

"...kinatoka cheusi ti," Sajenti akamalizia, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kupungua. "Mikono ya rangi gani?"

"Zambarau. Yenye nyuzi za dhahabu. Niliikata juzi, nikaikunja, nikaiweka mezani."

Sajenti alikirudisha kikombe kwenye kisahani polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kinachoweza kulipuka.

Hapa mtu asiyewajua aelezwe. Matambara ya kusafishia silaha yalikuwa yamekatika ghalani muda mrefu. Yameombwa, yameahidiwa, hayajaja. Sajenti, badala ya kusafishia soksi kuukuu kama wenzake, akafanya makubaliano na mkewe: vipande vya nguo vinavyoanguka sakafuni kwenye cherehani ni vya ghala, vilivyo juu ya meza ni vya wateja. Sheria nyepesi kabisa. Mama mkwe, aliyekuja kusalimia na bado anasalimia, alijipa mwenyewe kazi ya kuokota vya sakafuni na kuvisokomeza kwenye mfuko wa mkwewe. Sajenti anavikata vidogo vidogo, vya kuingia mtutu bila kukwama, basi.

Mke alitokea mlangoni na chaki sikioni. Akamtazama mumewe, akamtazama mama yake, akarudi kwa mumewe. Hakuuliza tena.

"Ilikuwa chini," mama mkwe alisema, kajikausha. "Mimi nimeikuta chini. Cha chini ni cha ghala. Sheria hiyo sikuitunga mimi, nimekuja nimeikuta."

"Mama, mikono ya gauni zima, imekunjwa vizuri, wewe ukaona ni takataka?"

"Niliona kitambaa kizuri. Nikasema, leo mkwe wangu kabahatika."

"Na nani aliiangusha?"

Dada yake Sajenti, wifi mtu, alikuwa ghafla ana kazi kubwa ya kukwangua kitu kwenye kucha. "Nilisogeza kidogo tu," alisema. "Nilitaka kupiga pasi sketi yangu. Sasa wifi, meza nzima imejaa mizigo ya watu, sisi wa nyumbani tupigie pasi wapi, mgongoni?"

Mke akavuta kiti, akakaa. Angelia ingekuwa nafuu. Alikaa tu, mikono magotini, anakitazama chumba chake cha kushonea kama mtu anayekiaga. Kambini mke wa askari hafungui biashara hivi hivi. Cherehani ile iko pale kwa kibali, na kibali alikiombea Mama Meja mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya Meja, mumewe, baada ya kushonewa sketi moja iliyomkaa. Gauni hili lilikuwa la karamu ya maofisa, jioni ya leo. Kujaribisha ni saa nne.

"Cherehani hii ikifungwa," alisema, "mimi nabaki nani? Mke wa Kagua. Nitakuwa nasimama jikoni kukuangalia unavyoangalia jiko."

"Haitafungwa," Sajenti alisema.

"Tuseme panya," mama mkwe akashauri.

"Panya kala mikono miwili, kaacha gauni zima?"

"Panya wana mambo yao."

"Mshoneeni lisilo na mikono," wifi akasema. "Ndiyo fasheni."

"Mama Meja mikono yake haijaliona jua tangu aolewe. Alinishika hapa, akaniambia, fundi, nifiche hapa mpaka hapa. Nami nikamwapia." Mke akashusha pumzi. "Halafu kitambaa chenyewe kile, sijui kilifumwa na nani. Kabla hujakipiga pindo kinafumuka ukikitazama tu. Nyuzi za dhahabu nimeziokota mpaka kwenye sukari."

Sajenti alisimama.

"Kinafumuka?"

"Si nimekwambia."

"Nyuzi zinatoka? Zenyewe?"

"Baba, tunazungumza gauni hapa."

Lakini Sajenti hakuwa tena kwenye gauni. Kijasho chembamba kilikuwa kimeshamtoka juu ya mdomo. Rashasha, alianza kuwaeleza huku akifunga vifungo vya shati na kuvikosea, inajiendesha kwa moshi wake yenyewe. Pembeni ya mtutu kuna tundu dogo, moshi unapita hapo, unasukuma pistoni, risasi nyingine inapanda. Ukiacha uzi ukanasa mle na masizi yakaushikilia, bunduki inafyatua nusu, inakwama, risasi inabaki kwenye chemba iliyopata moto. "Na risasi iliyobaki kwenye moto," alisema, "haikuulizi kama uko tayari."

"Na zinakwenda wapi hizo bunduki?" mkewe aliuliza.

"Uwanja wa shabaha. Jumatatu. Na jana nimezifunga vibandiko vya 'salama' zote, kwa sahihi yangu."

Nje mtu alikuwa anamwita kuku.

"Basi nenda kazitoe kimya kimya," mke alisema.

"Ghala lina funguo mbili, moja yangu, moja ya Koplo, na Koplo keshafungua. Na asubuhi hii Meja anakagua. Sasa hivi anavaa kofia."

Mkewe alimfuata mpaka mlangoni, akamfungua vile vifungo alivyokosea na kuvifunga upya, hasira na huruma zote humo humo. "Sikiliza, baba. Sema kuna nyuzi. Usiseme za nini. Nyuzi ni nyuzi. Nipe mpaka jioni nifikirie la kufanya."

"Nitasema nyuzi," Sajenti aliahidi.

Aliondoka mbio. Kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, hakukagua jiko.

*

Meja alikuwa mtu wa leso. Wakuu wengine hukagua kwa macho, yeye huzungushia leso nyeupe kidole cha shahada na kukipitisha mahali ambapo hukukumbuka kuwa ni mahali. Leso ile imewatoa machozi watu wazima. Sajenti alipofika anahema, leso ilikuwa imeshapita kwenye rashasha tatu na bado nyeupe, na Meja alikuwa na uso ambao hakuna aliyewahi kuuona ghalani, uso wa mtu aliyeshiba.

"Sajenti. Umechelewa, lakini leo nakusamehe. Mtutu huu ningeweza kujitazamia nikinyoa ndevu."

"Ndiyo, afande."

"Nimemwambia, afande," Koplo alidakia, kifua mbele, "ni kitambaa kipya. Sajenti kaleta dawa. Kinapita mle kama..."

"Koplo," Sajenti alisema.

"...kama hariri, afande."

Sajenti akapiga saluti ambayo haikuombwa. "Afande, naomba ukaguzi usimame. Bunduki hizi si salama. Kibandiko nilichoweka jana nakiondoa."

Leso ilikwama hewani. "Kwa sababu?"

"Nyuzi, afande."

"Nyuzi."

"Zimo ndani. Nadhani. Kwenye matundu ya moshi na kwenye pistoni."

"Fungua moja."

Wakaweka rashasha ya kwanza mezani. Mtutu kwenye mchanga, kifuniko juu, jicho, kidole, "tupu". Jicho, kidole kinene, subira, "tupu". Meja alikuwa akitazama saa, lakini hata yeye hakuthubutu kuharakisha kidole cha Koplo. Sajenti akavuta kitako, akatoa springi, akatoa bolti, akachomoa pistoni. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Uzi ulikuwa pale. Umejiviringisha kwenye shingo ya pistoni kama hereni, wa dhahabu, unameremeta kuliko kitu chochote kilichowahi kuingia katika ghala lile. Sajenti akaunasa kwa kibanio, akauweka juu ya leso. Wa pili akautoa kwenye tundu kwa sindano. Huo ulikuwa umeshashikwa na masizi, nusu mweusi, nusu sherehe.

Meja aliinama.

"Uzi huu naujua," alisema.

Koplo akaanza kuliangalia dari kwa hamu kubwa.

"Nyuzi hizi ni za nini, Sajenti?"

Kichwani Sajenti alimwona mkewe akimfunga kifungo. Angeweza kusema hajui. Neno lilikuwa pale, fupi, limeshafika kwenye meno. Lakini mbele yake bunduki ilikuwa wazi mezani, na tangu aanze kazi hii hajawahi kusimama mbele ya bunduki iliyo wazi akasema hajui kitu anachokijua. Ulimi ulikataa wenyewe.

"Za mikono, afande."

"Mikono ya nani?"

"Ya gauni."

"Gauni la nani?"

"La mama, afande."

"La mama yako?"

"La mama wa nyumbani kwako, afande."

Koplo alitoa sauti ndogo, akaigeuza kuwa kikohozi.

"Jora lile nililinunua mimi," Meja alisema, na ajabu ni kwamba sauti haikupanda, ilishuka. "Safarini. Nilibeba begani. Nivae mimi shati, yeye gauni, tuingie karamuni sare." Aliikunja leso na nyuzi zake, akaitia mfukoni. "Yeye anajua?"

"Bado, afande. Labda. Alikuwa anakwenda kujaribisha."

"Saa ngapi?"

"Saa hizi hizi."

Meja alivaa kofia, akaivua, akaivaa. Mbele ya kikosi mtu huyu husimama kwenye mvua bila kufumba jicho. "Zifungeni zote, bandikeni 'si salama'," alisema. "Koplo, baki. Sajenti, utakuja na mimi umweleze."

"Afande, kwa heshima, afande... wewe ndiye unayemzoea."

"Hakuna anayemzoea," Meja alisema.

Wakatoka. Waliopita njiani waliona ajabu: Meja, anayetembea kila siku kama anafukuza kitu, leo hatua zinapungua kadiri nyumba ya Sajenti inavyokaribia, na mlangoni akampisha Sajenti aingie kwanza.

*

Mama Meja alikuwa amesimama katikati ya chumba juu ya kigoda, mwanamke mpana, mzuri, ndani ya gauni la zambarau lililokuwa limemkaa kama alizaliwa nalo, mpaka mabegani. Kuanzia mabegani kulikuwa na shali ya mama mkwe. Mke wa Sajenti, fundi mwenyewe, alikuwa kapiga magoti chini anashika pindo ambalo halikuhitaji kushikwa.

"Karibuni," Mama Meja alisema. "Nimeshaambiwa. Kwanza nikaambiwa panya."

"Mwanzo tu," mama mkwe akasema. "Nilikuwa sijakujua vizuri."

"Mke wangu," Meja akaanza, akajinyoosha, akakumbuka cheo chake, "hili ni jambo la nidhamu. Sajenti ataadhibiwa. Na kibali cha hii cherehani kitaangaliwa upya."

Fundi hakuinua kichwa. Sajenti aliuona mgongo wa mkewe ukikaza chini ya blauzi, na pini aliyokuwa kaishika kwa meno ikazama kidogo mdomoni.

"Subiri," Mama Meja alisema. "Bunduki zimekuwaje?"

"Zina nyuzi."

"Zingeenda hivyo hivyo uwanjani?"

"Zingekwama."

"Mikononi mwa nani?"

Meja akajikuna shingo. "Jumatatu nafungua mimi. Mkanda wa kwanza napiga mimi, kisha vijana."

"Aa." Mama Meja aliteremka kwenye kigoda, taratibu, akimshikilia fundi bega. "Na nyuzi nani kazigundua? Leso yako?"

Meja akaugusa mfuko wenye leso.

"Leso yangu haikuziona," alisema mwishowe. "Sajenti kasema mwenyewe."

"Kasema mwenyewe. Akijua ni gauni langu, akijua mkewe anakula kwa ruhusa yangu." Akamgeukia Sajenti, akamtazama juu mpaka chini, na Sajenti akatamani angekuwa pipa la mchanga. "Wewe, baba, ni mjinga. Umekata gauni la mtu vipande vipande na hukujiuliza mbona ghala limepata dhahabu."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema uongo ningekufukuzisha kambini. Ukweli wako nao umeniacha nimevaa shali ya bibi." Akamgeukia mumewe. "Kibali nilikiomba mimi. Cha kuangaliwa upya, nitakiangalia mimi. Fundi, inuka, utaumia magoti. Nimekuja hapa nataka mikono. Itatoka wapi?"

Fundi alitoa pini mdomoni. Alikohoa. Alitazama msumari ukutani nyuma ya mlango, ambako shati la zambarau la wanaume, mikono mirefu, limepigwa pasi, linasubiri mwenyewe.

"Kitambaa kile kimebaki mahali pamoja tu," alisema.

Wote wakageuka. Meja akageuka mwisho.

"Hapana," alisema Meja.

"Mikono ya afande ni mipana," fundi aliendelea, na sasa sauti ilikuwa ya kazi, sauti ya mtu aliyeshika tepu. "Nikiweka kipande kwapani inaingia bila kubana. Kwa nje hakuna atakayejua."

"Na mimi nivae nini?"

"Shati," Mama Meja alisema. "Mikono mifupi. Kuna joto."

"Mke wangu, ni karamu. Kanuni inasema mikono mirefu."

"Kanuni ilisema na matambara yaletwe ghalani, yako wapi? Nani anasaini maombi yake?"

Hapo Sajenti akagundua kuwa dari ya nyumbani kwake inavutia kama ya ghalani. Meja alibaki anaangalia shati lake, kama baba anayeaga mtoto kituoni.

"Kata," alisema Mama Meja.

Fundi akakata.

*

Jumapili nzima Sajenti na Koplo walikuwa chini ya rashasha. Matambara yalikuwa yamefika, mafungu kwa mafungu, meupe, magumu kama mbao, yameletwa na gari asubuhi hiyo hiyo na dereva aliyenuna. Kila pistoni ilitoka, kila tundu lilichomwa sindano. Walitoa nyuzi za kutosha kumvisha sisimizi bi harusi, Koplo alisema, na Sajenti hakucheka.

Nyumbani alikuwa haongeleshwi. Chai aliwekewa, lakini kwa kupitia mama mkwe. "Mwambie mkweo chai ipo." "Mkwe, chai ipo." Mpaka jioni, alipokuwa ananawa mafuta mikononi, mkewe akaja akasimama nyuma yake.

"Nilikuomba useme nyuzi tu."

"Nilisema nyuzi. Akauliza za nini."

"Ungesema hujui."

"Nilijaribu. Lilifika mdomoni kabisa." Akajisugua kidole kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Ile bunduki ilikuwa wazi, mama. Mtu anaweka shavu lake pale."

Mkewe akachukua taulo, akampa, lakini akalitupia badala ya kumwekea mkononi. "Ulikuwa unaniuza, na ulijua."

"Nilijua."

"Vizuri ujue hivyo." Kisha, akiwa ameshageuka: "Na Mama Meja kasema kapendeza. Watu wameuliza kashonewa wapi."

Jumatatu rashasha ziliimba uwanjani asubuhi nzima bila kukwama hata moja. Meja alifungua, akapiga mkanda mzima, akainuka na vumbi tumboni, akasema "sawa" bila kumtazama Sajenti. Adhabu ikatangazwa: zamu za ghala za siku zote za mapumziko mpaka mwezi uishe. Sajenti aliipokea kwa saluti safi. Alikuwa ameogopa kubwa zaidi.

Jioni ile aliporudi, alimkuta Luteni mlangoni kwake. Kijana mtanashati, mpya kikosini, mfuko wa karatasi chini ya kwapa, na aliposikia viatu alishtuka kama kakamatwa.

"Sajenti."

"Afande. Kuna tatizo na silaha?"

"Hapana, hapana." Luteni akaangalia barabarani, huku na huku. Nyuma yake, kwenye kona, luteni mwingine alikuwa anajifanya anasoma ubao wa matangazo, naye ana mfuko. "Ni shati tu. La karamu. Unajua, Meja juzi aliingia na mikono mifupi, na sote tuliovaa mirefu tukaonekana, sijui nikwambie nini, kama watu wa kitambo. Mama yupo?"

Sajenti alifungua mdomo ajibu. Sauti ya mkewe ikamwahi kutoka ndani, juu ya mlio wa cherehani, ina furaha ambayo hakuisikia tangu Ijumaa.

"Mwambie aingie, na yule wa kwenye ubao naye aje. Wewe, baba, pitia mlango wa nyuma. Na usiguse kitu."